Fundi wa Mistari

Katika kazi zote za uwanja wa ndege, yetu ndiyo iliyodharauliwa kupita zote, maana kila aliyewahi kupaka ukuta chokaa hujiona aweza pia kupiga mstari juu ya lami. Na hata jamaa zangu wa Kariakoo, kila nilipowaambia kwamba riziki yangu ni kuipaka rangi barabara ya kurukia ndege, waliniuliza kwa upole ni lini nitapata kazi ya maana.

Mafunzo yetu yalianzia darasani, jambo lililotukera sana sisi vijana tuliozoea brashi. Mwalimu, mzee aliyekuwa harudii neno, alitaka kwanza tuijue sababu ya kila alama: kwamba nyeupe ni ya barabara ya kurukia na manjano ni ya njia za kuiendea, kwamba zile 05 na 23 za Dar es Salaam ni mwelekeo wa dira, takriban nyuzi 50 na 230, ulioondolewa sifuri ya mwisho, kwamba idadi ya milia ya kizingiti haifuati mapenzi ya fundi, bali barabara ya upana wa mita 30 hupewa milia 8, na ya mita 45 hupewa 12, ili rubani anayeshuka aujue upana kwa kutupa jicho tu. Kisha akatuonyesha mistari minne ya manjano ya mahali pa kungojea, miwili mizima na miwili ya vipande, ambayo rubani aliye upande wa ile mizima haivuki mpaka apate idhini ya mnara. "Mkiigeuza hii," alisema, "mmemfungulia mlango aliyepaswa kusimama."

Lami ya pwani nayo ina hila zake. Aghalabu sisi hufanya kazi usiku, ndege zikiwa zimelala, na usiku ndio wakati wa umande. Kiganja huhisi pakavu ilhali unyevu umekwisha tanda, na kwa hiyo tulifundishwa kupima joto la lami, lisipungue nyuzi 3 juu ya kiwango cha kutona umande. Kadhalika mpira unaoachwa na magurudumu sharti uondolewe kwa maji ya nguvu, kwani rangi iliyopakwa juu yake hubanduka pamoja nao.

Lakini ilimu kubwa ilikuwa katika vishanga vya kioo, vinavyoirudisha nuru ya taa kwa rubani. Hunyunyizwa rangi ingali mbichi, vikazama nusu ya mwili au kuzidi kidogo: vikizama vyote havioni taa, vikielea juu hung'oka. Katika uwanja mmoja, ambao sitautaja, kandarasi walipewa watu wa bei nafuu, na mistari yao ilinyooka hata wakubwa wakaisifu mchana kutwa. Nilipoitwa, nilikwenda usiku, nikaiweka tochi usawa wa jicho langu: giza tupu. Chini ya kioo cha kukuzia palikuwa na vishimo vitupu, kwa kuwa vishanga vilimwagwa rangi ikiwa imekwisha fanya ngozi, na mvua ya kwanza ikavizoa.

Msimamizi akashauri tuifunike mistari ile kwa rangi nyeusi, tupige mipya kando. Nikakataa, maana nyeusi hiyo hung'aa lami ikilowa na jua likiinama, rubani akaona mistari miwili. Tukaikwangua yote. Msimamizi alilalamikia gharama, nami nikamwomba anihesabie gharama ya kupaka mara mbili. Hesabu hiyo sijaletewa.