Nyufa Zisizoonekana kwa Mbali

Katika nyumba nyingi za wazee kule Ujerumani utakuta kabati la vioo sebuleni, na ndani yake visanamu vya watoto: mvulana aliyeketi chini ya mwavuli, msichana anayechunga bata bukini, msafiri mdogo mwenye begi. Vinaitwa visanamu vya Hummel, kwa jina la mtawa Mkatoliki, Maria Innocentia Hummel, ambaye michoro yake ndiyo iliyofinyangwa. Vilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1935, katika maonesho ya biashara ya Leipzig, mji ambao sisi Walutheri wa Kaskazini tunaujua kwa sababu nyingine: misioni ya Leipzig ndiyo iliyotuma wajumbe wake Kilimanjaro mwaka 1893. Hadi leo wapo watu wanaovikusanya, kuvithamini na kuuziana.

Sisi tulivikuta tulipokwenda na wajumbe wa usharika kuwatembelea ndugu zetu wa Bavaria. Mwenyeji wetu, mama mjane mwenye umri mkubwa, alitoa kimoja kabatini, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Kwa mbali kilikuwa kizima. Kwa karibu, uso wote wa yule mtoto ulikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Hakikuwa kimeanguka. Hakuna aliyekigonga.

Mama yule alitueleza, kwa msaada wa mkalimani, mambo ambayo kila mkusanyaji anayajua. Kisanamu ni udongo uliochomwa, na juu yake hupakwa dawa inayoyeyuka tanuruni ikawa kama kioo. Kinapopoa, udongo husinyaa kwa kipimo chake na kioo kwa kipimo chake. Kioo kikisinyaa zaidi, hubaki kimevutika kama ngozi ya ngoma, na kinaweza kupasuka. Iko pia njia ya polepole. Udongo ule una vitundu vidogo sana, na unyevu ukiingia, udongo huvimba kidogo mno. Kioo hakiwezi kuvimba pamoja nao. Ndiyo maana kisanamu kilichotoka tanuruni salama kinaweza kuonyesha nyufa baada ya miaka mingi. Alikigeuza akatuonyesha chini, mahali pasipo na kioo. Hapo ndipo maji huingia.

Mmoja wetu aliuliza kama nyufa zile zinaweza kufutwa. Mama akatikisa kichwa. Alisema ameacha kuviosha kwenye beseni, sasa anavipangusa vumbi kwa brashi kavu na kuviweka mbali na joto na unyevu. Kisha akatuonyesha kisanamu kingine, chenye mistari ya kahawia mashavuni. Kile kilimwagikiwa kahawa. “Ufa wenyewe ni msafi,” alisema. “Kinachoutia doa ni kile kinachomwagwa juu yake.”

Aliyevichora watoto wale wachangamfu hakuishi maisha ya raha. Mwaka 1940 serikali ya Wanazi iliitwaa nyumba yao ya watawa, na yeye akaendelea kuchora katika dhiki na baridi. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1946, akiwa na miaka 37.

Wapendwa washarika, sisi wachungaji hukutana na nyufa za namna hii mara nyingi kuliko mnavyodhani. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa kuaminiwa, alizika mkewe na baada ya miezi kumi akazika binti yake. Katika misiba yote miwili alisimama imara, akawafariji waombolezaji. Watu walisema, “Kweli huyu ana imani.” Miaka miwili ilipita. Ndipo alipokuja ofisini jioni, akasema, “Baba Mchungaji, Jumapili tunapokiri imani, nikifika kwenye ufufuo ulimi unagoma. Nimekuja kurudisha uzee wa kanisa.”

Tuone vizuri kilichotokea. Mzee yule hakuangushwa na dhambi fulani wala mafundisho ya uongo. Huzuni iliingia kimya kimya, ikavimba ndani, na ule uimara wa nje aliouvaa kwa ajili yetu sote haukuweza kuvimba pamoja nayo. Sisi tuliomsifu kwa kutolia tulikuwa tunasifu kioo.

Na kahawa yenyewe tunaijua. Ni yale maneno ya nje ya kanisa wakati wa mnada: “Siku hizi hafungui mdomo,” “Amepoa,” “Labda kuna jambo.” Ufa ambao ungeweza kukaa miaka bila kuonekana hutiwa rangi kwa wiki moja. Baada ya hapo mtu haoni tena aibu ya shaka tu, anaona aibu ya kutazamwa, na hiyo ndiyo inayomfukuza kanisani.

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuogopa jambo hili. Mwaka 1527 Martin Luther mwenyewe aliugua na kuingia katika dhiki kubwa ya moyo, akaomba rafiki zake wamwombee. Hakuacha utumishi, wala wao hawakumwacha. Mtume Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho, anatufundisha kwamba hazina tuliyopewa imewekwa katika vyombo vya udongo, ili nguvu ionekane kuwa ya Mungu wala si yetu. Wokovu wetu haukutundikwa kwenye uimara wa uso wetu. Umewekwa katika ahadi ya ubatizo, ambayo Mungu ndiye anayeishika.

Mzee yule hakupokelewa kujiuzulu kwake. Tulimwomba jambo moja tu: aje, asimame mahali pake, na akifika kwenye neno linalomshinda anyamaze, usharika uliseme kwa niaba yake. Wazee wenzake wawili waliombwa kukaa karibu naye wala wasimuulize kitu. Huu ni mwaka wa tatu. Jumapili nyingine anasema lote. Jumapili nyingine, palepale, ananyamaza, na benchi lake linaendelea kukiri mpaka Amina.