Pampu ya Vyumba Kumi na Viwili

Jumatatu, 3 Februari 2025

Pampu imekufa. Tangu jana jioni ilikuwa inaunguruma bila kuzunguka, saketi bureka ikishuka kila ikiwashwa, na leo alfajiri ua mzima ulinuka vanishi iliyoungua. Fundi amekuja, amepima kapasita, nzima. Amezungusha shafti kwa mkono, inazunguka. Basi ni koili. Nikamwomba afungue tuone, akakataa. "Dada, nikigusa hizi nati watasema nimeichokonoa. Ipelekwe hivi hivi ilivyo." Nimemheshimu kwa neno hilo.

Si pampu kuukuu. Tumeinunua Oktoba, kuchukua nafasi ya ile iliyofungwa enzi za marehemu mwenye nyumba. Waranti mwaka mmoja: muuzaji alitamka hivyo, na boksi limeandikwa hivyo. Bei 240,000, vyumba kumi na viwili, kila chumba 20,000. Daftari la michango ninalo mimi, majina yote yamo.

Hapa kwetu Mtogole maji ya DAWASA mara nyingi huja usiku, na presha yake inatosha kujaza tangi la chini tu. Kufika kwenye simtanki lililo juu ya mnara, mpaka pampu. Leo watu wamerudi kwenye ndoo na kamba, wakiinama kwenye mdomo wa tangi. Binti wa chumba cha nne ana mimba ya miezi minane. Nimemwambia asiiname, atachotewa.

Jumanne, 4 Februari

Nimetoa karatasi zote na kuzipanga kitandani.

Kuna ujumbe wa malipo wa tarehe 4 Oktoba: 180,000, zimeingia Lipa Namba ya duka, jina la duka linaonekana. Kuna ujumbe mwingine wa tarehe 19 Oktoba: 60,000, zimekwenda kwenye namba binafsi ya kijana aliyetuuzia, kwa maelekezo yake mwenyewe, akisema Lipa Namba ina tatizo la mtandao siku hiyo. Zote zilitumwa kwa simu ya fundi, kwa kuwa ndiye aliyekwenda Kariakoo kwa niaba yetu. Kadi ya waranti hatuna. Mara ya kwanza tuliambiwa tutaipata tukimaliza deni. Tulipomaliza, tukaambiwa bosi amesafiri na mhuri.

Na risiti ya EFD ipo, lakini imekuwa nyeupe. Karatasi zile hazina wino. Mashine inachapa kwa joto, na joto hilo hilo la Dar es Salaam, ndani ya kabati lililo chini ya bati, linafuta kilichochapwa. Nikiinamisha kwenye mwanga naona kivuli cha mstari wa juu na mraba wa alama ya kuskani, basi. Waranti ya mwaka mmoja imefungwa kwenye karatasi isiyomaliza miezi minne.

Alhamisi, 6 Februari

Dukani, Kariakoo, na fundi. Pampu tumeipakia kwenye bajaji.

Mwenye duka si mtu wa makelele. Alitupa viti, akasikiliza, kisha akatoa hoja zake taratibu. Risiti haisomeki. Jina la mteja kwenye daftari lake ni la fundi, "na wewe mama sikujui". Tena tunadaiwa 60,000, hazijamfikia, na bidhaa yenye deni haipewi kadi. Nikamwonyesha ujumbe wa tarehe 19. Akasoma jina, akarudisha simu. "Huyu kijana aliondoka kwangu Desemba. Mlimpa yeye, mdaini yeye."

Nikamwambia: Bosi, kijana huyu tulimkuta nyuma ya kaunta yako, amevaa fulana yenye jina la duka lako, akatoa pampu kwenye rafu yako. Hatukumwokota njiani. Aliyetuuzia ni duka.

Akanyoosha kidole ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Tumeiacha pampu pale, fundi akaipiga picha kila upande pamoja na namba yake ya utambulisho, na nikamtaka mwenye duka aandike kwenye karatasi kwamba ameipokea ikiwa haijafunguliwa. Aliandika. Hilo peke yake ndilo tulilorudi nalo leo.

Usiku

Nimeongea na mdogo wangu aliye Reading, Uingereza. Amebadilisha hita ya gesi, ile inayopasha nyumba nzima na maji ya kuoga. Kule fundi lazima awe kwenye rejista ya Gas Safe, ambayo tangu 2009 ndiyo iliyochukua nafasi ya CORGI, naye ndiye anayetoa taarifa ya kazi ili mwenye nyumba apate cheti. Waranti inaandikishwa kwa mtengenezaji, na isipofanyiwa huduma kila mwaka inaweza kukataliwa. Kwa hiyo kule nako karatasi inatesa watu. Ila yeye alilipa kwa kadi ya mkopo, na sheria yao ya 1974 inasema kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 kikiwa na kasoro, aliyekupa kadi anawajibika pamoja na muuzaji. Anaweza kumdai yeyote kati ya wawili.

Nimekaa na hilo kwa muda. Sisi pesa ya simu ikitoka imetoka. Ukikosea namba kuna utaratibu wa kuomba irudishwe. Ukiuziwa kibovu, mtandao haumo kabisa kwenye ugomvi wako.

Jumamosi, 8 Februari

Kikao uani baada ya Alasiri. Kilikuwa kirefu, na sehemu kubwa haikuhusu duka.

Kijana wa bodaboda anataka tuchange upya, tununue nyingine, maisha yaendelee. Wengine wakamuunga mkono. Dumu la maji linawala kila siku. Mama wa chumba cha saba, muuza vitumbua, akauliza swali lililonyamazisha watu: "Hiyo pampu ni ya nani?" Mtoto wa mwenye nyumba akajibu haraka kuwa ni ya nyumba, imefungwa kwenye nyumba. Mama akasema basi nyumba ituhesabie kwenye kodi, maana wengine tumeshalipa miezi sita mbele. Na yule jirani aliyehamia Mburahati mwezi Desemba, 20,000 yake iko ndani ya mota ile. Tukirudishiwa fedha, naye anarudishiwa?

Mimi nasema anarudishiwa. Nimesema mbele yao wote na naandika hapa. Watu wa vyumba vya kupanga ndio wanaonunua pampu, balbu za uani, kofuli la choo, na wakihama hawabebi chochote, hata haki ya kudai. Kila karatasi inaandikwa jina la fundi au la mwenye nyumba. Ukiuliza nani alilipa, hakuna karatasi inayojua.

Tumekubaliana: hatuchangi upya mpaka dai hili lifike mwisho. Mtoto wa mwenye nyumba amesaini kwenye daftari kuwa pampu ni ya wachangiaji hadi thamani yake itakapokatwa kwenye kodi. Alisaini kwa kusitasita, lakini alisaini.

Jumanne, 11 Februari

Ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti amenisikiliza vizuri, ameandika barua ya utambulisho kwamba fundi alitumwa na wakazi wa nyumba hii, na orodha ya wachangiaji imeambatishwa, yenye mhuri. Sasa mwenye duka hawezi kusema hanijui.

Nilipitia pia kwa mzee mmoja aliyekuwa karani wa mahakama. Amenieleza mambo ninayotaka yasipotee kichwani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imefuata ile ya Uingereza ya 1893: ukimweleza muuzaji unataka kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, na yeye ndiyo biashara yake, basi kitu hicho kinatakiwa kuifaa kazi hiyo hata kama hukupewa kadi yoyote. Kadi inaongeza juu ya hapo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamfunga bosi kwa yale aliyoyafanya wakala wake ndani ya kazi aliyompa. Na Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu kuwepo kwa waranti au nguvu yake. Ikishindikana kote, kuna Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi inaendeshwa kwa Kiswahili.

"Lakini mama," akasema, "hayo yote yanataka ushahidi. Umeshaitafuta ile risiti?"

Ijumaa, 14 Februari

Imepatikana! Fundi aliipiga picha siku ile ile ya Oktoba na kumtumia mtoto wa mwenye nyumba kwa WhatsApp ili aone kazi imefanyika. Imekaa huko muda wote, kati ya picha za harusi. Inasomeka yote, kuanzia maneno ya juu ya kuonyesha ni risiti halali, TIN ya duka, tarehe, hadi namba ya uhakiki chini. Tumeingiza namba hiyo na saa ya mauzo kwenye tovuti ya TRA, na risiti imetokea. Ni ya kweli.

Ila kiasi kilichoandikwa ni 150,000.

Nimeisoma tena na tena. Tarehe 4 Oktoba duka lilipokea 180,000 kwenye Lipa Namba yake, na siku hiyo hiyo likaiambia Serikali limeuza kwa 150,000. Na sasa linatudai 60,000 zaidi. Kama bei ilikuwa 150,000, tulizidisha 30,000 siku ya kwanza na deni halipo. Kama bei ilikuwa 240,000, risiti ni ya uongo. Mwenye duka hana njia ya tatu.

Mashine hizi za EFD zilianza 2010, na kila mtoto anaijua kaulimbiu ya TRA, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Tuliidai. Hakuna aliyetufundisha kusoma kiasi kilichomo. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata ya watu wa kodi, na naamini walikuwa na machungu ya kweli, mizigo inashikwa njiani, makadirio yanapanda. Lakini risiti pungufu haimuumizi mtu wa kodi peke yake. Ikitokea kurudishiwa fedha, mnunuzi ataonekana alilipa 150,000. Tofauti hiyo ya 90,000 ni fedha za vitumbua.

Jumanne, 18 Februari

Tulikwenda wanne: mimi, fundi, mama wa chumba cha saba na mtoto wa mwenye nyumba. Nilikuwa nimeamua kutomtisha mtu. Niliweka mezani barua ya mwenyekiti, chapa ya risiti kutoka tovuti ya TRA, na ujumbe wa 180,000. Nikasema: Bosi, tuambie bei ya pampu hii ilikuwa shilingi ngapi, tuandike.

Alinyamaza muda mrefu. Akaagiza soda. Akamwita mtu wa ndani, wakaongea pembeni. Aliporudi alisema deni la 60,000 analifuta, atamfuata kijana wake mwenyewe, na pampu ifunguliwe na fundi wa duka mbele yetu.

Ikafunguliwa. Impela safi, haina mchanga. Sili haijavuja, bearingi hazina kutu. Koili ya kuanzia imeungua upande mmoja, na waya za upande huo zimelala ovyo ovyo, vanishi haijafika chini. Fundi wa duka mwenyewe ndiye aliyesema, "Hii imesukwa vibaya huko ilikotoka." Ingekuwa imezunguka bila maji, sili ndiyo ingekuwa ya kwanza kupata moto, na hapo tusingekuwa na la kusema. Hakujaribu kutusingizia, na namshukuru.

Tumepewa pampu mpya. Nikaomba pia risiti ya 90,000 iliyobaki ili jumla ifike 240,000. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika kweli. Mama wa vitumbua akasema kwa upole, "Baba, sisi tulikupa zote." Mashine ikachapa.

Jumamosi, 22 Februari

Pampu imefungwa jana, simtanki lilijaa kabla ya saa nane usiku. Fundi ameweka floti kwenye tangi la chini ili isizunguke kavu, na kilinda umeme kwa sababu umeme wetu unashuka jioni.

Kadi ya waranti ninayo, ina mhuri, namba ya pampu mpya na jina: "Wakazi, vyumba 12, Tandale Mtogole." Lakini tarehe ya kuanza wameandika 4 Oktoba 2024. Nilipinga pale pale. Pampu hii imewashwa Februari. Kwa nini ianze maisha yake ikiwa na miezi minne na ushee imekwisha? Mwenye duka anasema waranti inafuata mauzo ya kwanza, ndivyo msambazaji anavyompa yeye, na hawezi kutoa asichopewa. Sijakubali. Nimeandika kwa kalamu kwenye nakala yake na yangu kwamba pampu imebadilishwa tarehe 18 Februari 2025 kwa kasoro ya kiwandani, akasaini kuwa amelisoma. Kama itakufa Novemba, tutaanzia kwenye mstari huo, na barua ya kwanza itakwenda Tume ya Ushindani.

Nimetoa kopi za risiti zote mbili na kadi, seti kumi na tatu, moja kwa kila chumba na moja imepelekwa Mburahati. Aliyeko huko amepiga simu kuuliza zake zitakatwa lini. Nimemwambia kodi ya Aprili, kutoka kwa aliyechukua chumba chake, na mtoto wa mwenye nyumba anajua.

Fundi anadai 30,000 za kufungua na kufunga. Duka limekataa kuzilipa, kadi inasema gharama za ufundi hazimo. Kila chumba 2,500. Cha tisa na cha kumi na moja bado. Ramadhani inakaribia, nitawafuata Jumatatu kabla hawajaanza kununua vya futari.