Mahema ya Leo

Jioni mbili kila wiki, sisi wanne wa usharika wetu wa Kiswahili hapa Minnesota, mchungaji na washarika watatu, huenda chuo cha jamii kusomea cheti cha programu za kompyuta. Sadaka haitoshi mshahara, na wenzetu wamechoka kubeba mizigo ghalani usiku. Paulo naye alishona mahema kule Korintho (Mdo. 18:3).

Tunajifunza Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991. Ukisahau nukta mbili mwisho wa mstari unaozihitaji, programu nzima hugoma. Kompyuta hutii herufi, haijui nia. Hapo ndipo tunapoionja neema: sala zetu zenye kigugumizi Mungu huzipokea, maana anaijua mioyo. Wapendwa, tusome bila hofu. Hatuhesabiwi haki kwa kutokosea.