Pikipiki, Kisura na Mawe ya Tarime

Ukisikia Tarime unawaza nini, msomaji? Mapanga na wizi wa ng'ombe, siyo? Basi mwenzio nimekwenda huko na kamera, pikipiki nyekundu na kisura mmoja mzaliwa wa pale pale. Nakwambia, mandhari ya kule ni moto! Achana na ukuta wa baa unaopigia picha kila wikiendi.

Kwanza rangi. Pikipiki nyekundu kwenye vumbi jekundu inamezwa. Isogeze kwenye mawe makubwa ya kijivu, au mbele ya migomba, uone inavyoruka machoni. Kisura asiegemee jiwe. Asogee mbele hatua kadhaa ili nyuma kufifie. Halafu angalia juu yake, nguzo ya umeme isije ikamwota utosini!

Muda nao una mambo yake. Jua la mchana linamfanya mtu awe na macho kama mashimo, na tangi linawaka kama kioo. Piga kabla ya saa 3 asubuhi au subiri saa 11 jioni. Ila ekzosi ipoe kwanza, mguu wa mtu si mshikaki.

Wengi wanataka nyumbu nyuma ya pikipiki. Sahau! Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, hairuhusu pikipiki ndani. Baki nje, njia ya Mugumu kuelekea Ikoma, nyika na migunga ipo ya kukutosha. Ila macho yawe wazi, maana wanyama hawasomi mabango ya mpaka. Kule Sirari, ofisi za mpakani si studio. Uzio wa mgodi wa dhahabu Nyamongo nao ni hivyo hivyo, bila ruhusa usinyanyue kamera. Na ukiona kundi la ng'ombe limependeza, msalimie kwanza mwenyewe. Mkurya na ng'ombe wake hawataniwi.

Sasa la mwisho, ndilo zito. Kabla hajapanda pikipiki, kisura wangu aliniuliza: "Kaka, hii picha inakwenda wapi? Mama yangu anauza ndizi sokoni, wateja wake wote wananijua." Rafiki yake aliwahi kupigwa picha "za kumbukumbu", akajikuta kwenye kalenda ya baa bila senti tano.

Tukakaa chini. Tukaelewana malipo, nguo na picha zitatumika wapi. Mawe niliyoyapenda mimi aliyakataa, akachagua migomba. "Nikionekana hapa," akasema, "mama hataona haya." Ndiyo picha iliyotoka bomba kuliko zote, maana alicheka kicheko cha mtu aliye kwao.

Kwa hiyo wewe mwenye kamera, uliza kwanza. Ukishapanda basi la Mwanza umeondoka zako. Mwenzio anabaki pale pale, na picha yake.