Jiko Lilale Nje

Kama unaishi Limuru, Kinangop au Nyahururu, huhitaji kuambiwa kwamba Julai ni mwezi wa baridi. Ukungu hushuka alasiri, jua likawa hadithi, na mabati yakalowa kama yaliyonyeshewa. Mimi nimekulia huku na bado sijaizoea. Kwa hivyo simlaumu yeyote anayetaka kuota moto. Ninalopinga ni jiko la makaa kulala ndani pamoja na watu.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alinijibu nilipomtajia jambo hilo: "Mimi huliwasha nje, moshi ukiisha ndipo naliingiza. Makaa yakishakuwa mekundu hayana neno."

Ndivyo wanavyoamini wengi, na hapo ndipo penye hatari. Moshi unaisha, lakini makaa yangali yanatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii hushikana na damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuubebea mwili hewa unayohitaji. Aliyelala hashtuki. Nasi tulivyo hodari wa kuziba nyufa kwa matambara na magazeti! Pengine hata hili ulisomalo litaishia huko.

Ukiamka na kichwa kizito, kichefuchefu na miguu isiyo na nguvu, na wenzako nyumbani wanalalamika vivyo hivyo, usikimbilie kusema ni malaria. Fungueni mlango na madirisha, mtoke nje nyote, kisha mwende hospitali. Aliyezimia mburute nje kwanza. Na tafadhali, usimmiminie maziwa kooni. Hayaondoi sumu hii, na yaweza kumpalia.

Jirani nilimshauri apike mapema, mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha jiko litoke kabla ya watu kulala. Watoto wavae soksi na sweta. Chupa ya mpira yenye maji ya moto, ikiviringishwa kwa taulo, hutia kitanda joto. Alicheka, akaniuliza ni nani atakayelinda jiko nje usiku lisiibwe.

Swali la haki hilo. Nikamwambia amwage makaa nje, ayazime kwa maji, kisha aliingize jiko likiwa tupu na limepoa. Makaa yenyewe akiyaanika yatawaka tena.