Mwimbaji Aliyeimwaga Pombe

Sinema nyingi hupenda kutuonyesha mlevi akianguka, maana kuanguka kuna kishindo. Ni chache zinazoonyesha mtu akiinuka, kwa kuwa kuinuka ni kazi ya polepole isiyo na kelele. Nataka kuwasimulia moja ya hizo chache. Nimeitazama mara tatu wala sijaichoka. Ilitoka Marekani mwaka 1983, na jina lake ni Tender Mercies, yaani rehema za upole. Maneno hayo hupatikana katika Zaburi za Biblia ya Kiingereza.

Kisa ni cha Mac Sledge, mwimbaji wa kantri, muziki wa watu wa mashamba wa kusini mwa Marekani, upigwao kwa gitaa na fidla. Zamani alikuwa na jina kubwa. Pombe ikala jina, ikala fedha, ikavunja ndoa, na binti yake akakua bila kumwona baba. Mwanzoni twamkuta hoi katika nyumba ndogo ya wageni kando ya barabara huko Texas, baada ya usiku wa kunywa na kupigana. Mwenzake amekwenda zake, naye hana senti ya kulipia chumba.

Mwenye nyumba ni Rosa Lee, mjane kijana. Mumewe alifia vitani Vietnam, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Sonny. Tazameni alivyotenda mama huyu. Hakumfukuza mlevi, wala hakumhubiria. Alimpa kazi apate kulipa deni lake, kwa sharti moja: asinywe awapo kazini. Basi yule aliyekuwa akishangiliwa na watu akaanza kuokota takataka uani na kuwauzia wapitao petroli. Siku zikapita, wakapendana, wakaoana.

Hapo niliona jambo la kushika. Sisi hupenda kumdai mlevi viapo. Twamkalisha mbele ya wazee, anaapa, na kesho yake twamnusa kinywa. Rosa Lee hakudai kiapo cha maisha yote. Alitoa kazi ya leo na sharti la leo. Mtu aliyepoteza heshima harudishiwi kwa maneno. Huirudisha mwenyewe kwa mikono yake, siku baada ya siku, iwapo yuko wa kumwachia nafasi.

Baadaye Mac na Sonny walibatizwa pamoja katika kanisa la Wabaptisti. Njiani kurudi nyumbani, mtoto akasema kwamba watu walimwambia atajiona mtu mpya, lakini yeye aliona tofauti kidogo tu. Akamwuliza Mac, je, wewe? Mac akajibu: bado. Jibu hilo lilinichekesha, kisha likanifikirisha. Neema hupandwa kama mbegu. Siyo kila mara huota siku ile ile. Kabla ya ubatizo huo, siku wimbo wake mpya ulipokataliwa, Mac aliondoka na gari kwa uchungu akanunua chupa ya pombe. Mkewe alimngoja usiku kwa wasiwasi. Aliporudi alisema kwamba aliinunua, kisha akaimwaga yote.

Kisha binti yake akaja kumtazama baada ya miaka mingi. Akamwuliza kama anaukumbuka wimbo wa njiwa aliokuwa akimwimbia alipokuwa mdogo. Baba akasema haukumbuki. Lakini binti alipokwisha kuondoka, mzee huyu alisimama dirishani peke yake akauimba polepole. Muda si mrefu habari ikaja: binti amekufa katika ajali ya gari.

Baada ya mazishi Mac alikuwa akilima bustani yake. Akamwambia mkewe kwamba yeye aliwahi kupata ajali akiwa amelewa, akapona. Kwa nini yeye mlevi aliishi, na binti yake akafa? Rosa Lee hakujibu neno. Alisimama karibu naye tu.

Nimekaa katika matanga mengi, nikawasikia wafariji wakieleza sababu za Mungu kana kwamba waliketi barazani pake. Wafiwa huinamisha vichwa, na maneno hayo huwapita. Mama yule wa Texas alijua kwamba maswali mengine hayataki jibu la mtu, yataka mtu wa kusimama karibu. Mac hakurudia chupa. Mwisho twamwona akicheza mpira na Sonny uwanjani, na mama akiwatazama.

Aliyecheza kama Mac ni Robert Duvall, naye aliziimba nyimbo kwa sauti yake mwenyewe. Kisa kilitungwa na Horton Foote. Wote wawili walipewa tuzo ya Oscar mwaka 1984.

Siku moja Rosa Lee alimwambia mumewe kwamba, kila amshukurupo Mungu kwa rehema alizompa, yeye na Sonny ndio wa kwanza. Na Mac ndiye yule aliyeokotwa akiwa hoi! Ndugu msomaji, pengine nyumbani mwako yuko mtu aliyeacha pombe juzi, na kila jioni watu wa nyumba wanamnusa. Mpe kazi kesho asubuhi, mwekee chakula chake pamoja na wengine, na usiku umtaje katika sala kabla ya kutaja ng'ombe na mvua.