Mpangaji hapangi

Dalali wa Ihumwa hana ofisi. Ana simu mbili, pikipiki ya kuazima, na kipaji cha kuita kila chumba "masta", hata kile ambacho choo chake kiko ng'ambo ya uwanja. Ukimpigia anakuuliza swali moja hata kabla ya salamu: "Unafanya kazi Mtumba?" Ukisema ndiyo, bei inapanda. Ukisema hapana, vyumba vimeisha. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule binafsi, kwa hiyo nilisema hapana kwa miezi miwili mfululizo, na kila mara nikatoa elfu kumi ya kuonyeshwa vyumba ambavyo tangu mwanzo havikuwa vya mtu kama mimi.

Nilikuwa natafuta kwa sababu mwenye nyumba wangu, bibi mmoja wa Kigogo, aliniita mwezi wa sita, akaniwekea kigoda, akanijulia hali, akamjulia hali mdogo wangu, akauliza habari za nyumbani kwetu, kisha akasema kodi inapanda. Kutoka elfu themanini kwenda laki na thelathini kwa mwezi. Miezi sita kwa mkupuo. Piga hesabu: 780,000. Mshahara wangu baada ya makato haufiki hata laki tano. Na mdogo wangu yuko kidato cha pili hapo hapo kata. Tukihamia mbali, kila asubuhi atagombania daladala na makondakta ambao wakiona sare ya shule wanageuza uso, kwa sababu nauli ya mwanafunzi haiwanogei.

Sikumlaumu bibi. Ihumwa siyo ile aliyoolewa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na kwa miaka mingi watu waliusimulia kama utani. Halafu ikaja Julai 2016, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, mwaka 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, jirani yetu kabisa, na mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kuleta abiria kutoka Dar. Penye mashamba ya uwele sasa pana vigingi vya viwanja. Tembe zimebaki za kuhesabu. Nyumba ya bibi, ya matofali na bati, vyumba vitano kwa mstari, ndiyo pensheni yake, na wajukuu wanne wanakula humo humo.

Ndipo mwalimu mwenzangu akaniambia, "Si uombe zile nyumba za bei nafuu?"

Hilo neno nafuu nimelifundisha miaka saba. Mgonjwa akianza kukaa mwenyewe kitandani na kuomba uji, tunasema amepata nafuu. Hajapona, lakini ana afadhali. Kwa hiyo nyumba ya gharama nafuu, kwa masikio yangu ya mwalimu, ingepaswa kumfikia kwanza aliyelemewa. Nikaanza kuulizia.

Dodoma haina upungufu wa miradi. Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lipo tangu 1962, limejenga Iyumbu na Chamwino. Watumishi Housing wamejenga Njedengwa, na jina lenyewe limeshakuambia zimelengwa kwa nani. Wakala wa Majengo, TBA, walipanga nyumba 3,500 Nzuguni kwa ajili ya watumishi wa umma, awamu ya kwanza ikiwa nyumba 150. Nikienda mjini napita Nzuguni. Sina kinyongo na anayepewa nyumba; karani aliyehamishwa kutoka Dar na watoto watatu naye alihitaji pa kulala. Ila unaona jinsi orodha inavyokwenda: hiyo ni ya kununua, hii ni ya mtumishi.

Mfano ninaoupenda uko mbali, Magomeni Kota. Pale Dar es Salaam wapangaji wa kota za zamani walikuwa wameondolewa, nyumba zikabomolewa. Wakaahidiwa kwamba zikijengwa mpya watarudi na kukaa miaka mitano bila kodi. Maghorofa yakajengwa, nyumba 644 kwa kaya 644, yakazinduliwa Machi 2022. Nilipokuwa nasoma habari hiyo upya nilijikuta nawaonea wivu watu waliovunjiwa nyumba, jambo la ajabu. Lakini wivu wenyewe haukuwa juu ya ghorofa. Wale walikuwa na orodha. Kila kaya ilikuwa na jina mahali fulani, kwenye karatasi ambayo mtu angeweza kuishika mkononi na kudai. Mpangaji wa chumba na sebule Ihumwa hayumo kwenye karatasi yoyote zaidi ya daftari la bibi.

Hata hivyo niliomba. Ofisi yenyewe sitaitaja. Nilikusanya barua ya serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha ndogo mbili, barua ya mwajiri na hati za mshahara za miezi mitatu. Fomu ilikuwa nzuri, Kiswahili chake safi, ningeweza kuwapa wanafunzi wangu. Jina. Umri. Wategemezi. Halafu: cheki namba.

Kama hujawahi kufanya kazi serikalini, cheki namba ni ile namba ya mtumishi wa umma kwenye mfumo wa mishahara. Mwalimu wa shule binafsi hana. Dada wa dirishani aliniona nimesimamisha kalamu, akainama, akasema kwa upole, "Piga mstari tu, dada. Tutaipokea." Akagonga muhuri. Nikatoka na kinakala changu nikifurahi kama mtu aliyepata kitu. Baada ya wiki tano nikapigiwa simu na kijana mwenye sauti ya haraka: ombi langu wanalo, linafanyiwa kazi, limekamilika kasoro jambo moja dogo. Nadhani unalijua.

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alitoa hotuba iliyoitwa Kupanga ni Kuchagua. Alikuwa anazungumzia mipango ya maendeleo: huwezi kufanya yote, kwa hiyo uchague. Darasani nikifundisha maneno yenye maana zaidi ya moja siachi kutumia kupanga, maana wanafunzi hucheka wenyewe. Kupanga mipango, kupanga foleni, kupanga chumba. Mwaka huu nilipolifikia nilicheka nao, ila mtoto mmoja wa mbele akauliza, "Madam, sasa mpangaji anachagua nini?" Nikamwambia tutalijibu kipindi kijacho. Kipindi kijacho kilikuwa ngeli.

Mwezi wa nane, upepo wa Dodoma ukiwa umejaza vumbi hadi kwenye meno, nilimrudia bibi. Nilimsalimia Kigogo, "Mbukwenyi", jambo linalomfurahisha kwa sababu nalitamka vibaya. Nikamweleza yote, mpaka cheki namba. Akasikiliza, akauliza swali ambalo ofisi nzima haikuniuliza: "Wewe unaweza ngapi?"

Nikasema laki moja, miezi mitatu mitatu. Akanyamaza. Ndani ya ukimya ule nilijua kwamba elfu thelathini kila mwezi inatoka kwenye sahani za wajukuu wanne, na kwamba tukikubaliana, ruzuku pekee nitakayopata katika makao makuu ya nchi itakuwa imetolewa na mjane asiyekuwa na pensheni. Nilitaka kuifuta kauli yangu. Yeye akaniwahi: mjukuu wake mkubwa yuko darasa la saba, hesabu na Kiswahili vinamsumbua, mtihani ni mwezi wa tisa. Je, jioni sina nafasi?

Tuliandika mkataba kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mwenyekiti wa mtaa aliyetoza elfu tano ya muhuri. Mimi niliandika, bibi alitaja masharti. Laki moja, isipande kwa mwaka mzima. Kila jioni masomo, isipokuwa Jumapili. Bati likivuja, anatengeneza yeye. Nikadhani tumemaliza, nikamsogezea kidau cha wino wa dole gumba, akanizuia mkono. Kulikuwa na sharti jingine, na alitaka liandikwe kwa herufi kubwa, kwa sababu mpangaji aliyepita alimtesa sana: mwalimu asifuge bata.